Dk. Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyetafuta magonjwa kwenye sahani

KILA alfajiri, baada ya sala, barabara inayopanda kwenda msikiti wa Kibuli hujaa watu wanaokimbia. Wamo vijana wa mpira, wamo akina mama waliovaa raba mpya, na wamo wafanyabiashara wenye vitambi kama mimi, ambao hukimbia hatua 50 kisha hutembea 300 wakijifanya wanatazama mandhari. Na mandhari yapo. Ukifika juu unauona mji wote wa Kampala umetandazwa, na ng'ambo kule upande wa kaskazini kipo kilima cha Mulago, penye hospitali kubwa ya taifa.

Leo nataka kukusimulia, msomaji wangu, habari za daktari mmoja aliyefanya kazi katika kilima hicho cha pili miaka mingi kabla yangu mimi kuzaliwa. Lakini kwanza nieleze kilichonifikisha kwake, maana mimi si mtu wa vitabu. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka. Nanunua mahindi na maharage Busia, nasaga hapa mjini, na unga naupeleka Elegu kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Wenzangu wa mipakani mnaijua kazi hii. Ni kukaa. Unakaa kwenye lori, unakaa kwenye foleni ya forodha, unakaa kumngoja mtu wa mihuri, na muda wote huo unakula kilicho karibu, yaani chapati za mayai, mandazi, soda baridi. Mwaka 2023 nilipimwa katika zahanati moja nikakutwa na kilo 108, nami ni mfupi. Shinikizo la damu lilikuwa 160 kwa 100. Mganga alinieleza bila kuficha kwamba baba yangu alikufa kwa kiharusi akiwa na umri niliokuwa nakaribia kuufikia, na kwamba nipunguze mwili.

Mwaka huohuo mdogo wangu wa kike alirejea kutoka Kuwait. Alikwenda kufanya kazi za ndani, akakaa miaka 4. Aliondoka hapa na kilo 61, akarudi na kilo 84, na sukari ilikuwa imeanza kupanda katika damu yake.

Basi ugomvi ukaanza nyumbani. Mimi nilishikilia kwamba dawa ni mazoezi, nikamtaka anifuate kupanda kilima kila asubuhi. Yeye alikataa katakata. Alisema kwamba miaka yote 4 alikuwa akiamka saa 11 alfajiri na kulala saa 6 usiku, akipanda na kushuka ngazi za nyumba ya ghorofa 3, akipiga deki, akibeba watoto na mazulia, na kwamba kama kutoka jasho kungepunguza mwili, basi yeye angerudi amekonda kama ufito. Alisema tatizo lilikuwa jikoni. Mimi nilicheka. Niliona ni maneno ya mtu anayekwepa kilima.

Aliyetuamua ni jirani yetu, mama mmoja mzee, muuguzi mstaafu aliyesomea kazi yake Mulago katika miaka ya mwanzo ya 1960. Alitusikiliza wote wawili, kisha akatuuliza kama tumewahi kusikia habari za Dk. Burkitt. Hatukuwa tumewahi. Kuanzia siku ile nimemfuatilia mtu huyu kwa kila nilichoweza kupata, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, ambao leo uko Ireland Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, na zaidi ya hayo alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege wa porini. Mzee huyo aliwanasa ndege wadogo wa bustanini, akawafunga pete miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki eneo gani. Naomba ulishike jambo hilo la ramani, maana mtoto alilirithi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika vurugu za watoto. Miwani yake ilivunjika, na jicho la kulia likaharibika kabisa. Alikwenda kusoma chuo cha Trinity mjini Dublin, akaanza na uhandisi kama baba yake, kisha akageukia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya juu ya upasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi katika idara ya tiba ya makoloni, maombi yake ya kwanza yalikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Ni vita vilivyomfungulia mlango. Jeshi la Uingereza lilimchukua kama daktari, likamleta Kenya na Somalia. Alipoiona Afrika ya Mashariki aliamua kwamba hapa ndipo atakapofanyia kazi. Alikuwa Mkristo wa imani kali, na aliiona kazi hiyo kama wito.

Mwaka 1946 alipangiwa Uganda, akapelekwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko alikutana na wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angepasua na kushona tu, jioni akaenda zake. Burkitt alianza kuwauliza wanatoka kijiji gani. Aligundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya ugonjwa ulikuwa umejaa, kiasi cha wanaume 30 katika kila 100, lakini upande wa magharibi alipata labda mmoja tu. Wilaya ni moja, lugha ni moja, hospitali ni moja, lakini ramani ilikuwa na pande mbili. Leo tunajua mbu ndio waenezaji wa vijidudu vya mabusha. Yeye wakati ule alijifunza jambo moja lililomwongoza maisha yake yote: ukitaka kujua chanzo cha ugonjwa, tazama kwanza ni wapi haupo.

Baada ya Lira aliletwa Kampala kuwa daktari wa upasuaji Mulago. Huu ndio wakati msikiti wetu wa Kibuli ulikuwa ukimaliziwa kujengwa, ule uliofunguliwa mwaka 1951. Napenda kufikiri kwamba aliuona mnara ukipanda, akiwa kule ng'ambo na kisu chake mkononi.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mmoja aliyevimba taya pande zote. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Muda mfupi baadaye alikuwa Jinja kikazi, akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Wawili katika miji miwili, hiyo si bahati mbaya. Alirudi kwenye mafaili ya hospitali, akaanza kuhesabu, na mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza kuhusu saratani ile ya taya za watoto, ambayo leo dunia nzima huiita kwa jina lake.

Kisha akaja na safari. Ndugu zangu wa magari na mipaka, hapa nataka mnisikilize, maana nadhani mtu huyu angekuwa mwenzetu. Mwezi Oktoba 1961 alinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250. Alifuatana na madaktari wawili wa misheni, na mmoja wao alikuwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua. Huyu Williams alikuwa fundi wa magari pia, jambo lililosaidia sana. Walizunguka maili 10,000, karibu kilomita 16,000, kwa muda wa wiki 10. Walipita Kenya, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini, wakisimama katika hospitali takribani 60. Kila walipofika walitoa picha za watoto wagonjwa na kuuliza kama wenyeji wamewaona watoto wa namna hii. Mtu akisema ndiyo, au akisema hapana, walitia alama kwenye ramani.

Ramani ilipokamilika ilionyesha mkanda uliokata katikati ya Afrika. Ugonjwa haukuwepo penye baridi wala penye ukame. Ulikuwa penye joto na mvua, yaani palepale penye malaria nyingi. Huko London mtafiti mmoja, Anthony Epstein, alikuwa amemsikiliza Burkitt akitoa mhadhara mwaka 1961, naye akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Kutokana na vipande hivyo, mwaka 1964 kiligunduliwa kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na kwa kuwa Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, Burkitt alijaribu kuwatibu watoto kwa dawa za sindano na vidonge tu. Baadhi yao walipona kabisa. Muuguzi wetu wa Kibuli anakumbuka uvimbe ukinywea kwa siku chache, na akina mama waliokuwa wamekwisha kata tamaa wakirudi vijijini na watoto wao mgongoni.

Mtu mwingine angeishia hapo na kula pensheni yake. Lakini Burkitt wa pili, yule aliyeingia katika ugomvi wa nyumba yangu, alikuwa hajaanza.

Mwaka 1966, nafasi za Wazungu katika kazi za serikali zikiwa zinachukuliwa na wananchi, aliondoka Uganda na kwenda kufanya utafiti London. Mwaka uliofuata alitambulishwa kwa daktari mstaafu wa jeshi la majini, Peter Cleave. Cleave alikuwa akishikilia kwamba magonjwa mengi ya Ulaya, ambayo kila moja hutibiwa na bingwa wake, yana mzizi mmoja, nao ni sukari na unga mweupe. Madaktari wengi walimwona kama mzee mwenye wazimu wa jambo moja. Burkitt hakumcheka. Alikumbuka miaka yake 20 ya kupasua watu Uganda. Wagonjwa wa kidole tumbo walikuwa wachache mno. Mawe ya nyongo, karibu hakuna. Alirudi Uingereza akakuta madaktari wa upasuaji wanashinda kutwa wakitoa vitu hivyohivyo.

Tena alikuwa na shahidi. Trowell, yuleyule aliyemwita kumtazama mtoto wa taya, alifika Kenya mwaka 1929 na kufanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30. Mwaka 1956 aliandika habari za ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika, na ilikuwa habari ya kuandikwa kwa sababu madaktari wa hapa walikuwa hawajazoea kuuona. Mgonjwa mwenyewe alikuwa jaji, mtu mnene, aliyezoea maisha ya Kizungu kwa miaka mingi. Ninyi mliorejea kutoka nje, hapa nadhani mtanielewa. Jaji yule alikuwa Mwafrika wa damu na mfupa, lakini meza yake ilikuwa imehama.

Burkitt akaanza tena kuchora ramani. Safari hii hakuhitaji gari, alitumia barua. Aliwaandikia madaktari wa hospitali za misheni zipatazo 150, akiwaomba wamjulishe wameona wagonjwa wangapi wa aina fulani. Majibu yalipokuja, mkanda ulionekana tena, na safari hii haukufuata mvua wala joto. Ulifuata mashine za kukoboa nafaka.

Cleave alilaumu kile kilichoongezwa katika chakula, yaani sukari. Burkitt alitazama kile kilichoondolewa. Punje ya mahindi au ngano ina ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi. Ukikoboa unapata unga mweupe, laini, usioharibika upesi, ambao mfanyabiashara anaupenda. Mimi naupenda. Pumba tunawauzia wafugaji wa nguruwe na kuku. Kwa ngano, unga mweupe hubaki na nyuzinyuzi kama robo tu ya zile za unga usiokobolewa. Na kila mwenye kinu anajua kwamba namba moja ndiyo yenye bei.

Sasa ni lazima niseme jambo ambalo gazetini huwa hatulisemi. Burkitt alipima choo. Kwa kushirikiana na Alec Walker wa Afrika Kusini, aliwapa watu wameze vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha akasubiri vitoke, na kila kilichotoka kilipimwa kwenye mizani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Mabaharia wa Uingereza walitoa takribani gramu 100, na chakula kilikaa zaidi ya siku 3. Alizunguka dunia akitoa mihadhara na kuonyesha picha za vinyesi alivyovikuta vichakani, mbele ya maprofesa waliovaa suti, bila haya hata kidogo. Alipenda kulinganisha ukubwa wa choo cha taifa na ukubwa wa hospitali zake, akidai kimoja kikipungua kingine huongezeka. Mwaka huohuo wa 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kuliko zote kwa mwanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1979 aliandika kitabu cha watu wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi, kikauzwa nchi nyingi.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu, nilidhani nimemshinda mdogo wangu. Maana wanavijiji wale wa gramu 400 hawakula tu maharage na mihogo. Walilima pia. Walibeba maji, walitembea maili kwenda sokoni. Nani anaweza kusema ni sahani ndiyo iliyowafanya wembamba na si jembe? Burkitt mwenyewe hakuweza kuvitenganisha, maana katika kijiji vitu hivyo viwili viliishi nyumba moja. Tena hakuwa sahihi katika kila jambo. Magonjwa mengine aliyoyaweka yote kwenye mlango wa nyuzinyuzi yamekuja kuonekana yana sababu nyingi zaidi.

Lakini njia aliyotuachia ni ya kutafuta mahali ambapo kitu kimoja kimebadilika na kingine hakijabadilika. Nami nikaitafuta.

Mahali pa kwanza ni Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadza. Hao bado huwinda, hurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ambayo miili ya Wahadza hutumia kwa siku. Kila mtu alitarajia itakuwa kubwa mno. Ukizingatia ukubwa wa mwili, ilikuwa sawa na ile ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Mwili, kumbe, una bajeti yake kama mama wa nyumbani. Ukitumia sana kwa kutembea, unabana mahali pengine.

Mahali pa pili ni hapahapa kwetu. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha takwimu za nchi 168, wakiangalia ni watu wangapi hawafanyi kazi za mwili za kutosha. Kuwait ilikuwa ya mwisho, asilimia 67 ya watu wazima. Uganda ilikuwa ya kwanza kwa uchapakazi, ni asilimia 6 tu hivi wasiojishughulisha. Hatuna wapinzani katika kutembea, kulima na kubeba. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya 4 nchini Uganda ana uzito uliozidi. Miguu haijaacha kwenda. Kilichobadilika ni chakula.

Na mahali pa tatu palikuwa sebuleni kwangu. Mdogo wangu alikwenda katika nchi ile ya asilimia 67, akawa mmoja wa wachache waliokuwa wakitoka jasho humo. Alifanya kazi ya mwili kuliko alivyowahi kufanya Kibuli. Lakini alikula wali mweupe uliobaki, mikate myeupe, na chai yenye sukari mara 6 au 7 kwa siku ili asilale wima. Kilo 23 ziliingia kwa mlango huo. Mara ya kwanza aliponieleza haya nilicheka. Mara ya pili nilinyamaza, kwa sababu nilielewa kwamba kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimwita mvivu mtu aliyefanya kazi saa 18 kwa siku ili mimi niongeze mtaji wa lori.

Nilipiga hesabu ndogo ya mfanyabiashara. Soda ya nusu lita ina sukari kama gramu 50, ambazo ni zaidi ya kalori 200. Mtu wa kilo 80 anahitaji kutembea karibu saa nzima ili kuzimaliza. Mimi nilikuwa nakunywa 3 kati ya Kampala na Elegu. Hapana kilima cha kutosha mjini Kampala kwa deni hilo.

Basi tukaanza na sahani. Soda nimeacha, na chai nakunywa kavu. Asubuhi kabla ya kupanda lori nakula kiporo cha maharage na muhogo au kiazi, na gari likisimama kwenye vibanda vya chapati mimi nabaki na chupa yangu ya maji. Maharage ni mali, ndugu zangu. Sahani ya gramu 200 ya maharage yaliyopikwa ina nyuzinyuzi zaidi ya gramu 12, na uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ulipendekeza mtu apate walau gramu 25 hadi 29 kwa siku. Matoke tunakula kama zamani, ila kwa kipimo, na nusu ya sahani ni dodo na mboga nyingine. Wenye kisukari wanaotumia vidonge au sindano wamwone daktari kabla ya kugeuza chakula ghafla, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Kilima sijakiacha. Wataalamu wanakubaliana kwamba mazoezi hushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kutumia sukari vizuri, na hasa humzuia aliyepungua asinenepe tena. Kwa hiyo napanda, bila kudanganyika kwamba kupanda kunafuta chapati.

Jambo gumu limebaki kwenye biashara. Nilisaga gunia 20 za dona, unga usiokobolewa, nikazipeleka Elegu. Wateja waliufungua, wakaona rangi, wakaniuliza kama nimewaletea chakula cha jela. Nilirudi na gunia 13, nyingine nikauza kwa hasara. Siwalaumu, kwa miaka 14 ni mimi niliyewafundisha kwamba unga mzuri ni ule mweupe kama karatasi. Sasa katika kila gunia 100 nasaga 5 za dona, nazo huisha hapahapa Kibuli na Namuwongo. Zile 95 zinalisha familia yangu na kusomesha watoto, na sijui nitazifanyaje.

Dk. Denis Burkitt alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993, Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Trowell, ambaye baada ya kustaafu alikuwa kasisi, alimtangulia mwaka 1989. Pamoja walikuwa wamehariri vitabu viwili vikubwa juu ya magonjwa ya nchi tajiri, mwaka 1975 na 1981, na hoja nyingi zilizomo zilianzia wodi za Mulago.

Kinuni kwangu ipo mizani ya kupimia magunia. Kila Ijumaa jioni, kazi ikiisha, mimi na mdogo wangu tunapanda mmoja mmoja, na vijana wa kubeba mizigo wanasoma namba kwa sauti kubwa ili mtaa mzima usikie. Ijumaa iliyopita mimi nilikuwa 97. Yeye alikuwa 72, na hajapanda kilima hata mara moja. Mama muuguzi alikuwa anapita na kikapu chake cha mboga, akaomba naye apimwe. Kilo 58, pamoja na kikapu.